Huduma ya Sauti ya Chini: Mpiga Besi katika Kwaya za Milimani

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika, Dindira



Katika sherehe ya miaka 100 ni desturi kuwataja waliojenga kuta, waliobatizwa kwanza na waliohubiri. Ni haki wakumbukwe. Lakini yupo mtumishi mmoja ambaye picha ya kwaya humkata nusu, kwa kuwa husimama pembeni, nyuma, karibu na spika. Huyo ni mpiga gitaa la besi. Hakusomea muziki chuoni wala halipwi mshahara. Siku za juma huchuma chai, hulima, hufundisha shule au huuza dukani; Jumamosi jioni hufika mazoezini; Jumapili hupiga. Hotuba hii inamhusu yeye, na yale ayapatayo katika kupiga na katika kuwatazama wengine wakipiga, kwa sababu limo humo somo ambalo usharika ukilipoteza hautalipata dukani.

Sauti ya chini haikuja Usambara pamoja na umeme. Ngoma kubwa za Wasambaa na Wazigua zilikwisha kuifundisha miguu ya watu mahali pa kukanyaga kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa kulia. Kisha wakaja wamisionari, walioanza kazi Mlalo mwaka 1891, na misheni yao ikaja kujulikana kwa jina la Bethel. Huko Bethel, Ujerumani, alikuwako Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyefika hapo mwaka 1893 na kutumia maisha yake kueneza vikundi vya matarumbeta, hata watu wakamwita jenerali wa matarumbeta. Katika kikundi cha namna hiyo mpulizaji wa tarumbeta kubwa ndiye mwenye kubeba wimbo mgongoni. Tena urithi huo ni wa zamani zaidi. Mwaka 1524 huko Wittenberg Johann Walter alitoa kitabu cha nyimbo za sauti kadhaa, na Martin Luther, ambaye mwenyewe alipiga luti, chombo cha nyuzi cha zama zake, akakiandikia dibaji. Kwa hiyo anayepiga besi kanisani hakuingia kwa mlango wa nyuma. Amerithi kazi iliyofanywa na wengi kabla yake, kwa kinywa, kwa shaba na kwa ngozi.

Chombo chake lakini ni kipya. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa California, Marekani, ambaye hakujua kupiga gitaa, alianza kuuza gitaa la besi la umeme lililoenea duniani kote. Kabla ya hapo bendi nyingi zilitegemea besi kubwa ya kusimamisha, yenye kimo kupita mtu, ambayo kuisafirisha kulikuwa ni kazi ya siku nzima. Gitaa hili jipya lilibebeka begani. Lina nyuzi nne nene, na kwa kawaida urefu wa uzi unaopigwa ni kama sentimita 86, wakati ule wa gitaa la kawaida ni kama sentimita 65. Uzi wake wa chini kabisa hutetemeka kama mara 41 tu kwa sekunde.

Hesabu hiyo ndogo ina maana kubwa kwa mtu wa mlimani. Spika ya redio ndogo haiwezi kuitoa sauti ya chini namna hiyo ipasavyo. Kijana anayejifunzia muziki kwenye redio humsikia mwimbaji, husikia gitaa la solo likipaa, lakini besi humfikia kama mtu azungumzaye nyuma ya ukuta. Anaweza kuanza kwa gitaa la kopo lenye nyuzi za breki ya baiskeli, akajua tuni zote, na bado asijue besi hufanya nini. Hana budi kwenda mahali bendi inapopiga, asimame karibu na spika, aisikie kwa kifua chake, na aone mkono.

Hapo ndipo lilipozuka neno katika sharika nyingi. Tanga ulikuwa mji wa bandari na mkonge, na pia mji wa bendi. Jamhuri Jazz, iliyoanza mwaka 1955 kwa jina la Young Nyamwezi, ilikuwa huko. Atomic Jazz ilikuwa huko. Katika Jamhuri walipiga ndugu wa Kinyonga kabla ya kuhamia Arusha mwaka 1970, kisha Kenya mwaka 1971, ambako walianzisha Simba Wanyika. Wanamuziki waliotoka katika bendi hiyo wakaanzisha Les Wanyika mwaka 1978, na mpiga besi wao alikuwa Tom Malanga. Anayeusikiliza kwa makini wimbo wao "Sina Makosa" ataona kwamba besi inarudia mzunguko wake kwa utulivu, inaacha nafasi, huku magitaa mengine yakisukana juu yake. Mpiga besi wa kwaya akiyasikia hayo, hutamani kuona yanavyofanyika.

Wazee waliuliza: mtumishi wa madhabahu anatafuta nini dansini? Swali hilo lisichekwe. Liliulizwa na wazazi waliojua pombe imeharibu nyumba ngapi, na usiku wa Jumamosi umekula asubuhi ngapi za Jumapili. Lakini jibu pia lipo. Aendaye kulewa hurudi na deni. Aendaye kutazama hurudi na kitu mkononi. Huyo wa pili haangalii wachezaji. Hutazama vidole vya mpiga besi, kisha hugundua kwamba mpiga besi mwenyewe havitazami vidole vyake. Macho yake yako kwenye mguu wa mpiga ngoma, na masikio yake yako kwa mwimbaji. Ugunduzi huo mmoja una thamani ya mazoezi ya miezi mingi. Busara ya mzee wa kanisa ni kumruhusu kijana akajifunze na kumdai, pasipo kuona haya, awepo ibadani asubuhi akiwa na akili timamu.

Arudipo kupiga, mambo huwa magumu kuliko yalivyoonekana. Vidole hutoka malengelenge. Mwanzoni hupiga noti nyingi mno, akitaka asikike kama mpiga solo, na kwaya huchoka kwa sababu haina mahali pa kuvuta pumzi. Halafu hukutana na jengo lenyewe: sakafu ya saruji na bati juu huifanya sauti ya chini kuzunguka kama ngurumo, hata maneno ya wimbo yakamezwa. Hujifunza kupunguza sauti, kuukata uzi kwa kiganja, na kusubiri. Katika mkutano wa injili uwanjani mambo hugeuka: sauti ile ile hutawanyika hewani, na aliyezoea kupunguza hulazimika kuongeza. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, gitaa lake hunyamaza palepale. Mpiga besi aliyeiva hufungua kinywa na kuiimba sauti yake mpaka mwisho. Msibani, njiani kuelekea makaburini, hana waya wala spika, naye huimba vivyo hivyo.

Kosa lake nalo ni zito. Mwimbaji mmoja wa soprano akipotoka, wenzake humfunika. Besi ikipotoka, sauti zote zilizo juu yake huonekana zimekosea. Lakini akipiga sawasawa, hakuna amsifuye. Watu husema tu kwamba kwaya leo imeimba vizuri. Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, anafundisha juu ya viungo vya mwili ambavyo havina fahari na ambavyo mwili hauwezi kuishi bila hivyo. Mpiga besi huliishi fundisho hilo kila Jumapili.

Sasa huduma hiyo imo hatarini. Kinanda cha umeme huja na besi na ngoma ndani yake, na kwaya nyingi huimba kwa kufuata muziki uliokwisha kurekodiwa. Faida zipo: gharama hupungua, na mtaa mdogo wenye mpigaji mmoja hupata msaada wa kweli. Lakini mashine haimsubiri mtu. Mzee akianzisha ubeti polepole, mashine humwacha. Waombolezaji wakihitaji kukirudia kiitikio, mashine imekwisha kumaliza. Mpigaji aliye hai huwafuata watu. Mashine hudai watu waifuate. Tena liko jambo zito zaidi: mtoto wa leo hana mtu wa kusimama karibu naye na kuutazama mkono wake. Kizazi kimoja kikipita hivyo, usharika utakuwa na sauti na hautakuwa na mpigaji.

Kwa hiyo Usharika unapoingia miaka 100 mingine, yafaa mambo matatu yatendeke. Kwanza, bajeti itenge fungu la nyuzi na matengenezo ya vyombo, ili mzigo huo usibaki mfukoni mwa mchuma chai. Pili, kila mpigaji apewe mwanafunzi mmoja, wa kiume au wa kike. Tatu, kila Jumapili wimbo mmoja walau usindikizwe na mikono ya watu, na mwingine uimbwe kwa sauti tupu, ili besi ya kinywa nayo isisahaulike.

Kazi hiyo inaweza kuanza leo. Baada ya ibada, kabla vyombo havijafungwa, mpiga besi wa kwaya na abaki mahali pake, na kijana mmoja aende akaulize jina la kila uzi.

Bwana apewe sifa. Amina.