Anayejua Hali ya Laivu ni Aliye Mbali
(Maelezo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya kazi ambayo vijana wetu wengi wanaifanya sasa, kazi ya kurusha matangazo ya moja kwa moja, ama laivu kama tunavyozoea kusema. Mwezi wa Machi 2020, ibada za hadhara ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, makanisa mengi yalijifunza kurusha ibada kwa simu na kompyuta. Makanisa yalipofunguliwa, kazi hiyo haikuisha. Iliingia kwenye harusi, harambee, na hasa mazishi. Binti aliyeajiriwa Saudi Arabia akikosa ruhusa ya kuja kumzika mama yake, anategemea laivu hiyo. Na mazishi hayarudiwi.

Sasa shida iko hapa. Mpiga kamera anaona picha safi kwenye kioo chake, anafikiri mambo yote ni sawa. Lakini kioo hicho kinamwonyesha kinachoingia kwenye kamera, si kinachowafikia watu. Kumbe kule mbali picha imeganda, ama mhubiri anasogeza midomo tu bila sauti. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Basi kila mnaporusha laivu, chagueni mtu mmoja akae mbali, na kazi yake iwe kutazama na kusikiliza tu. Tumwite mlinzi.

Mlinzi akae wapi? Popote, mradi atumie bando lake mwenyewe, si intaneti ile mnayorushia. Akitumia yenu anaipunguza nguvu. Mkipata walinzi wawili wenye laini za kampuni tofauti, ni vizuri zaidi. Picha ikikwama kwa mmoja tu, huenda shida iko kwake. Ikikwama kwa wote wawili, tafuteni shida kwenu.

Mlinzi asiseme tu, "Haishiki." Aseme saa, anachoona na anachosikia: "Saa sita na dakika kumi, picha iko, sauti hakuna." Atume ujumbe kwa simu nyingine. Ile inayorusha isipigiwe, kwa maana simu ikiingia, matangazo yanaweza kukatika.

Tena muwe na subira. Laivu hufika ikiwa imechelewa, mara nyingi nusu dakika hivi. Mkirekebisha kitu, ngojeni dakika moja ndipo muulize, "Sasa je?" Gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa vitano pamoja, hutajua ni kipi kilichotengeneza na ni kipi kilichoharibu.

Haya basi, mlinzi akiripoti, mfanye nini?

1. Picha iko, sauti hakuna. Msihangaike na intaneti. Angalieni betri ya kipaza sauti, waya, na kama sauti imezimwa kwenye kompyuta. Hii itengenezwe upesi kuliko zote. Watu huvumilia picha hafifu, lakini mahubiri bila sauti hawavumilii.

2. Picha inaganda kwa walinzi wote. Mara nyingi ni kasi ya kupandisha imepungua. Asubuhi mlipima mkaona iko sawa, lakini saa sita watu mia tano wamefika na simu zao, na wote wanategemea mnara mmoja. Punguzeni ukubwa wa picha, kwa mfano kutoka 720 hadi 480.

3. Inaganda kwa mtazamaji mmoja tu. Mwambieni apunguze ubora wa picha kwenye simu yake mwenyewe. Nyinyi msiguse kitu.

4. Imekatika kabisa. Kama mnatumia kompyuta na YouTube, msibonyeze kitufe cha kumaliza matangazo. Mkikibonyeza, kiungo mlichowatumia watu hakitaonyesha laivu tena. Rudisheni intaneti, halafu mrushe tena kwenye matangazo yale yale. Mapema, zimeni ile sehemu inayoyafunga yenyewe picha zikikosekana.

Matayarisho nayo ni muhimu. Chaneli mpya ya YouTube inaweza kuchukua hadi saa 24 kabla ya kukubaliwa kurusha, kwa hivyo msingoje asubuhi ya mazishi. Pimeni kasi ya kupandisha, si ya kushusha tu, na iwe kama mara mbili ya ile mtakayotumia. Mkirusha kwa megabiti 2 kwa sekunde, saa moja itakula kama megabaiti 900. Mazishi ya saa nne ni zaidi ya gigabaiti 3 na nusu. Nunueni 5.

Mlinzi mnayemwamini anaweza pia kupewa ruhusa ya meneja kwenye chaneli, aone hali ya matangazo kutoka aliko. Lakini neno la siri msimpe mtu.

Mwisho, ndugu zangu, mlinzi ahesabiwe kama mfanyakazi. Kikundi kimrudishie pesa za bando na kimpe sehemu yake ya malipo. Kazi hii inamfaa mama mwenye mtoto mchanga, ama mwanachama asiyeweza kutembea mbali, ama yule aliyehamia mjini. Familia imewalipa ili walio mbali washiriki. Kama hakuna anayetazama kutoka mbali, mtajuaje kwamba wameshiriki?