Picha, Kitu na Mahali: Sanaa ya Usimikaji kwa Macho ya Karatu na Ngorongoro

Sanaa ya usimikaji, kwa maana inayotumika katika mada hii, ni kazi ambayo msanii huchukua chumba, ua au eneo zima na kupanga ndani yake vitu, picha, mwanga, sauti na nafasi tupu, ili mtazamaji aingie, apite katikati na kuielewa kazi hiyo kwa kutembea, kuinama na kugeuka. Mada inashughulikia tawi moja tu la sanaa hiyo, lile linalokutanisha picha za kamera na vitu halisi katika nafasi iliyochaguliwa kwa makusudi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wasanii wa Karatu na Ngorongoro hawalazimiki kutafuta msingi wa kazi hizo mbali na kwao, kwa kuwa eneo lao lina mfano wenye nguvu kuliko mingi inayosifiwa katika vitabu vya sanaa, ingawa waliouandaa walikuwa wanasayansi na wahifadhi.

Mfano unaotajwa mara nyingi madarasani ni kazi ya Mmarekani Joseph Kosuth ya mwaka 1965, iliyoweka vitu vitatu pamoja: kiti, picha ya kiti hicho hicho yenye ukubwa wake halisi, na maelezo ya neno kiti kutoka kwenye kamusi. Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka ni kwamba picha hiyo inapaswa kupigwa upya kila kazi inapohamishiwa ukumbi mwingine, ili ukuta na sakafu zinazoonekana pichani ziwe zile zile ambazo mtazamaji amezikanyaga. Kwa hiyo mahali si chombo cha kubebea kazi. Mahali ni mshiriki wa nne, na kazi ikihamishwa bila kupigwa picha upya inapungukiwa.

Huko Laetoli, takriban kilomita 45 kusini mwa Bonde la Olduvai, suala hilo la kitu, picha na mahali linajitokeza kwa uzito mkubwa zaidi. Nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zilizoachwa kwenye jivu la volkano lililolowa mvua miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita, zilifichuliwa na kikosi cha mtaalamu wa mambo ya kale Mary Leakey mwaka 1978 na kuchimbuliwa hadi mwaka uliofuata, zikaonekana katika njia yenye urefu wa mita 27 hivi. Baada ya kupigwa picha, kupimwa na kuchukuliwa nakala kwa kalibu, yaani umbo tupu linalomiminwa ndani yake kitu laini kikagandia humo, zilifukiwa kwa mchanga ili zisiharibiwe na mvua, mifugo na mikono ya watu. Mchanga huo, kwa bahati mbaya, ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota na mizizi ikaanza kutishia kile ambacho mchanga ulikusudiwa kukilinda. Ndipo katika miaka ya 1995 na 1996 Serikali ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani zikaifukua njia hiyo sehemu kwa sehemu, zikaondoa mizizi, zikapiga picha za vipimo, na kuifukia tena chini ya matabaka ya mchanga, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi na mawe ya volkano. Kabla ya kazi kumalizika wazee wa Kimaasai na laiboni, yaani kiongozi wao wa kidini, walifanya tambiko mahali hapo, wakachinja kondoo, ili ardhi hiyo iheshimiwe na wanaoishi juu yake.

Matokeo yake ni kwamba kitu chenyewe, ambacho dunia nzima inakitaja, hakionekani. Anayetaka kukiona huenda kwenye makumbusho ya Olduvai, ambako jengo jipya lilifunguliwa Oktoba 2017, na huko hukuta nakala ya sehemu ya njia pamoja na picha na maelezo. Picha na nakala, kila kimoja hufanya kazi ambayo kingine hakiwezi. Picha, hasa ile iliyopigwa jua likiwa limeinama asubuhi au jioni hata kivuli kikajaa ndani ya kila unyayo, huthibitisha kwamba jambo lilikuwapo siku fulani mbele ya kamera. Lakini haina kimo, na mtu anaweza kuitazama bila kujua kama unyayo ule ni wa mtoto au wa jitu. Nakala hurudisha kimo hicho: mtazamaji huona kidole gumba kilivyolingana na vingine, kisigino kilivyozama, unyayo mdogo ulivyokwenda sambamba na mkubwa, na jinsi nyayo za mmoja zilivyokanyagwa ndani ya nyayo za aliyetangulia. Nafasi ya chumba, nayo, humpa mtazamaji jambo la tatu, kwa sababu hutembea kandokando ya watembeao na hatua zake mwenyewe zinakuwa kipimo. Nje ya dirisha kuna bonde, na huko kusini, chini ya rundo la mawe, kuna kitu halisi kinachoendelea kulala. Ni vigumu kufikiria usimikaji wa kisasa uliopanga kuwapo na kutokuwapo kwa ustadi mkubwa kuliko huo.

Mfano wa pili ulio karibu husaidia kwa kuonyesha tofauti. Kwenye njia panda ya kuelekea Olduvai, kando ya barabara ya Ngorongoro na Serengeti, kuna mnara uliosimamishwa mwaka 2019 wenye mifano miwili mikubwa ya mafuvu ya viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, mmoja wa Zinjanthropus, aliyegunduliwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, na mwingine wa Homo habilis. Ni alama nzuri, na dereva hawezi kuikosa. Hata hivyo ukubwa wake unamwalika msafiri kushuka, kupigwa picha mbele yake na kuondoka, kwa hiyo picha inakuwa ndiyo mwisho wa safari. Fuvu halisi la Zinjanthropus limo katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, tangu liliporudishwa nchini mwaka 1965, na uhusiano huo kati ya mnara wa njia panda na mfupa wa mjini bado unamsubiri msanii wa kuufanyia kazi.

Suala la picha katika eneo hili lina historia isiyopendeza, nayo haiwezi kuachwa pembeni. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi na Wamaasai wa Ngorongoro wamepigwa picha kwa wingi kwa karibu karne nzima, na picha nyingi zimeondoka na wapigaji. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, aliyefanya misafara Eyasi katika miaka ya 1930, alikusanya mifupa ya kale, akaandika hadithi za Wahadzabe na kuwapiga picha, na sehemu kubwa ya alichokusanya ikaishia Ujerumani. Watalii wa leo huondoka na picha zaidi ya hizo kila msimu, na aliyepigwa picha mara nyingi hana hata moja ukutani kwake.

Nchini Kenya wasanii walikabili suala linalofanana na hilo katika mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya nje, ambapo kundi la The Nest la Nairobi, kundi la SHIFT na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walikusanya kumbukumbu za zaidi ya vitu 32,000, kisha mwaka 2021 wakafanya maonyesho yaliyochukulia ukosefu wa vitu hivyo kuwa mada. Msanii Zarina Bhimji, aliyezaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963 na kuhamia Uingereza akiwa mtoto, alikuwa ameonyesha njia nyingine mwaka 1987 kwa kazi iliyoning'iniza picha kutoka darini, huku viungo vya chakula vikiwa vimemwagwa sakafuni chini yake. Kiungo kina harufu, na harufu humfikia mtazamaji kabla hajaamua kutazama. Picha peke yake isingeweza hivyo.

Karatu ina malighafi ya aina hiyo kwa wingi, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu chache barani ambako lugha za Kibantu, Kikushi na Kiniloti hukutana na Kihadza, lugha isiyo na ndugu anayejulikana, na vitu vya watu hao hupita mkono kwa mkono. Mfua chuma wa Kidatoga karibu na Eyasi huyeyusha makufuli mabovu na koki za bomba kwa moto unaopulizwa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, akapata bangili za shaba ya njano. Misumari huipondaponda ikawa vichwa vya mishale, na Mhadzabe huvichukua kwa kubadilishana na asali. Kufuli, bangili, msumari, mshale na asali vikipangwa katika chumba kimoja pamoja na picha za mikono iliyovishika, mfuatano wa biashara hiyo utaonekana bila maelezo marefu ukutani. Vivyo hivyo, tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehama Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao Serikali imeueleza kuwa wa hiari na ambao wakazi wengi wameupinga. Boma lililobaki tupu, na chombo kilichobebwa hadi Msomera, ni picha na kitu vilivyotengana kwa mamia ya kilomita, na msanii atakayevikutanisha anapaswa kuwasikiliza wenyewe wa pande zote mbili kabla ya kufungua kamera.

Yako pia masharti ya kiufundi ambayo huamua kama kazi itadumu. Vumbi jekundu la Karatu hupenya kila fremu wakati wa kiangazi, na jua la nyanda za juu hufifisha picha za karatasi upesi, kwa hiyo ni afadhali picha zichapwe kwenye kitambaa kinachoweza kufuliwa au kubadilishwa, na gharama ya kuchapa upya iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Kazi ikiwekwa ndani ya hoteli za kitalii, wakazi hawataiona. Uwanja wa mnada, ukumbi wa shule au ofisi ya kijiji huwafikia wale ambao sura zao zimo katika picha. Makubaliano nao yanahitaji kuandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya wahusika, yakieleza nani atashika nakala, kazi itakwenda wapi baada ya maonyesho, na mtu afanye nini akitaka picha yake iondolewe.