Nani Abebe Hasara? Nchi Ndogo na Biashara ya Mazao ya Kilimo

Mhadhara wa umma wa kuanza rasmi uprofesa katika uchumi wa kilimo



Mwaka 1996, mjini Geneva, jopo la Shirika la Biashara Duniani lilikaa kusikiliza kesi ya ndizi. Walalamikaji walikuwa Marekani, Ekuador, Guatemala, Honduras na Meksiko. Mlalamikiwa alikuwa Umoja wa Ulaya. Saint Lucia, kisiwa cha Karibi kilichokuwa na watu wapatao 150,000, kilishiriki kama mhusika wa tatu, kwa kuwa uamuzi ungegusa riziki ya wakulima wake. Serikali yake iliajiri mawakili wa kujitegemea waisemee. Mawakili hao hawakuruhusiwa kubaki chumbani, kwa kuwa hawakuwa watumishi wa serikali. Ilibidi kusubiri hadi Julai 1997, kesi ilipofika kwenye rufaa, ndipo ikaamuliwa kwamba nchi ina haki ya kujichagulia nani aisemee.

Dola kubwa ina wizara iliyojaa wanasheria. Nchi ya watu laki moja na nusu hukodi wakili. Kanuni iliyowataka wote walete watumishi wa serikali ilionekana sawa kwa kila mmoja, lakini uzito wake ulimwangukia mdogo. Ndivyo biashara ya mazao ya kilimo inavyofanya kazi katika mengi mengine.

Hoja yangu leo ni moja. Nchi ndogo huyumba kiuchumi kwa sababu ya namna hasara inavyogawanywa, na udogo wenyewe ni sehemu tu ya habari. Upepo ukivuma, bei ikianguka, au kanuni ikibadilishwa, mikataba iliyopo huisukuma hasara kutoka kwa mnunuzi hadi kwa msafirishaji, kutoka kwa msafirishaji hadi kwa chama cha wakulima, mpaka inamfikia mtu ambaye chini yake hapana mwingine wa kumsukumia. Kwa hiyo kazi kubwa ya sera ni kuandika mapema, siku za utulivu, nani atabeba sehemu gani ya hasara itakapokuja.

Kuyumba si kuwa maskini

Umoja wa Mataifa uliunda kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi mwaka 1971. Leo nchi hupimwa humo kwa vigezo vitatu: pato la kila mtu, hali ya afya na elimu, na wepesi wa uchumi na mazingira yake kuyumbishwa. Kigezo hiki cha tatu kina deni kwa wanazuoni wa visiwani. Mwaka 1994 nchi za visiwa vidogo zilikutana Barbados na kudai kwamba wastani wa pato hauelezi hali yao. Mwaka uliofuata Lino Briguglio wa Chuo Kikuu cha Malta alichapisha kipimo kilichoonyesha kwamba nchi inaweza kuwa na pato la kuridhisha na bado ikawa hatarini kuliko nchi maskini zaidi yake.

Chukueni Dominica, yenye watu wapatao 70,000. Septemba 2017 kimbunga Maria kiliipitia, na tathmini iliyofuata ilikadiria uharibifu na hasara kuwa sawa na asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka. Hakuna bajeti duniani iliyopangwa kumudu usiku wa namna hiyo. Lakini kwa kuwa wastani wa pato lake si wa chini kabisa, nchi kama hiyo haihesabiwi katika kundi nililolitaja, wala haipati moja kwa moja nafuu za kundi hilo.

Ndizi na ahadi ya Ulaya

Visiwa vya Windward ni Dominica, Saint Lucia, Saint Vincent na Grenada. Kuanzia miaka ya 1950 vilijenga uchumi wao juu ya ndizi zilizopelekwa Uingereza kwa meli za kampuni ya Geest. Zao hili lilikuwa na sifa ambayo wachumi wengi hawakuipa uzito: hukatwa mwaka mzima, na fedha yake humfikia mkulima mara kwa mara. Mzazi mwenye eka chache mlimani aliweza kupanga ada ya shule. Kimbunga kikilaza migomba, machipukizi huzaa tena ndani ya mwaka. Linganisheni na mkungumanga wa Grenada. Kimbunga Ivan cha Septemba 2004 kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga ya nchi hiyo, iliyokuwa ya pili duniani kwa zao hilo baada ya Indonesia, na mche mpya hutaka miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa.

Wakulima hawa walikuwa wamekwisha kujifunza kugawana hasara. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa na mfuko wa bima wa visiwa vyote vinne, WINCROP, ambao michango yake ilikatwa kwenye mauzo ya ndizi. Upepo ulikuwa na bima. Bei haikuwa nayo, na kanuni za biashara pia hazikuwa nayo.

Mwaka 1975, mjini Lomé, Togo, nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki zilitia saini mkataba na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Ndani yake kulikuwa na ahadi kwamba wauzaji wa ndizi wa jadi hawatawekwa katika hali mbaya kuliko waliyokuwa nayo. Lakini Ulaya ilipounganisha soko lake, Julai 1993, ililazimika kuweka utaratibu mmoja wa ushuru, mgawo na leseni kwa nchi zote wanachama. Utaratibu huo ndio uliopelekwa Geneva na kuonekana kukiuka kanuni. Marekani, ambayo karibu haiuzi ndizi zake nje ila kampuni zake kubwa zilifanya biashara hiyo Amerika ya Kati, iliruhusiwa mwaka 1999 kutoza ushuru wa adhabu kwa bidhaa za Ulaya zenye thamani ya dola milioni 191.4 kwa mwaka. Makubaliano ya mwisho, ya Desemba 2009, yalipanga kushusha ushuru wa ndizi za Amerika ya Kusini na ya Kati kutoka yuro 176 kwa tani hadi 114.

Wapo wachumi wanaosema matokeo haya yalikuwa sahihi. Ndizi ya mlimani ni ghali kuizalisha kuliko ya mashamba makubwa ya tambarare, na sehemu kubwa ya fedha ya ziada aliyolipa mlaji wa Ulaya iliishia kwa waagizaji wenye leseni. Yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wangu akiyakana nitamrudishia kazi yake. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba imehesabu faida ya mlaji na kuiacha gharama ya kuhama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 visiwa hivyo vilikuwa na zaidi ya wakulima 20,000 wa ndizi. Miaka ishirini baadaye waliobaki walikuwa sehemu ndogo tu. Kanuni iliyobadilishwa kwa faida ya walaji mamilioni ililipiwa kwa kiasi kikubwa na familia za vijiji vya milimani ambazo hazikuwa na akiba wala zao jingine lenye meli inayolisubiri.

Sukari ya Morisi

Morisi nayo ilikuwa na ahadi kutoka Lomé, ya kuiuzia Ulaya takriban nusu milioni ya tani za sukari kila mwaka kwa bei iliyokuwa mara nyingi juu sana ya ile ya soko la dunia. Ulaya ilianza mageuzi mwaka 2006, ikashusha bei kwa asilimia 36 katika miaka minne, na mkataba wenyewe ukafikia kikomo mwaka 2009.

Morisi haikuanguka, na sababu inatafutwa miaka mingi nyuma. Mwaka 1970 ilipitisha sheria ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje, na sehemu ya mtaji ulioingia humo ilikuwa faida ya miwa. Walioshika sukari waliitumia bei nzuri kununua njia ya kutoka kwenye sukari: nguo, utalii, kisha huduma za fedha. Kilichobaki cha sukari kilipangwa upya. Viwanda viliunganishwa vikabaki vichache, makapi ya miwa yakachomwa kuzalisha umeme, na wafanyakazi walioondoka kwa hiari tangu mwaka 2001 walilipwa fedha na kugawiwa viwanja.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Nchi iliamua kwamba mtu anayeondolewa shambani kwa ajili ya kuokoa sekta ana haki ya kuondoka na kitu mkononi. Hata hivyo si kila mtu alifaidika sawasawa, na wakulima wadogo wengi wameyaacha mashamba yao tangu wakati huo. Bado tofauti na visiwa vya ndizi ni wazi: hapa gharama ya kuhama iliandikwa kwenye vitabu vya taifa.

Karafuu na vanila

Bahari yetu ya Hindi ina historia inayofanana. Zanzibar ilipata kuuza sehemu kubwa kabisa ya karafuu ya dunia. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliteketeza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Karne moja baadaye mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara za kreteki. Indonesia ikapanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na kufikia miaka ya 1980 bei ilikuwa imeporomoka. Mnunuzi aligeuka mshindani. Kwa miaka mingi mkulima wa Pemba alipewa sehemu ndogo tu ya bei ya nje, na magendo ya kwenda Mombasa ikawa njia yake ya kujibu. Serikali ilipoamua, katika miaka ya 2010, kumlipa asilimia 80 ya bei ya soko la nje, karafuu zilirudi kwenye mizani halali. Uamuzi ule ulirekebisha mgawanyo wa faida. Mgawanyo wa hasara, siku bei itakapoanguka tena, haujapata uzito uleule.

Komoro huuza vanila, karafuu na langilangi, na hununua mchele nje. Bei ya vanila yao huamuliwa na mavuno ya Madagaska; bei hiyo ilipita dola 500 kwa kilo karibu na mwaka 2018, kisha ikashuka sana. Tarehe 21 Agosti 2024 Komoro ilijiunga rasmi na Shirika la Biashara Duniani. Nawaombea heri ndugu zetu, na nawaomba waisome kesi ya ndizi kabla ya kesi yao wenyewe.

Somo la mtoto wa Castries

Mchumi aliyeueleza vyema zaidi unyonge wa mazao ya nchi za joto alizaliwa Saint Lucia, mjini Castries, mwaka 1915. Arthur Lewis, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, aliuliza kwa nini kazi ya mkulima wa chai au kakao hulipwa kidogo kuliko ya mfugaji wa kondoo wa sufu. Jibu lake ni kwamba mkulima wa nchi za joto hukubali bei inayolingana na kile ambacho angepata akilima chakula chake. Chakula kikizaa kidogo, kazi yake huwa rahisi kununuliwa, na zao lake hali kadhalika. Tija ikipanda kwenye zao la biashara pekee, faida humwendea mnunuzi kupitia bei ya chini. Anayetaka bei ya vanila iwe na heshima aanze na muhogo, mpunga na ndizi za kupika. Mkulima mwenye ghala lililojaa anaweza kukataa bei mbovu.

Nini kifanyike

Kwanza, kila mkopo wa nchi inayokabiliwa na vimbunga uwe na kifungu cha kimbunga. Grenada iliweka kifungu hicho kwenye madeni yake yaliyopangwa upya mwaka 2015. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilikipiga kisiwa chake cha Carriacou, na serikali ikatumia kifungu hicho kuahirisha malipo ya hati fungani zake. Fedha iliyokuwa iende kwa wakopeshaji ilibaki nchini wakati wa kujenga upya, bila kuomba huruma ya mtu yeyote.

Pili, nchi inayouza zao moja au mawili iwe na mfuko wa kulinda bei, unaojazwa miaka ya bei nzuri na kutunzwa nje ya hazina ya serikali, na wakulima wawe na wajumbe wenye kura katika bodi yake. Mfuko unaosubiri bei ianguke ndipo uchangiwe hautakuwa na kitu.

Tatu, nchi ndogo zishiriki wanasheria na wapatanishi wa biashara kwa pamoja. Tangu mwaka 2001 kipo Geneva Kituo cha Ushauri wa Sheria za Shirika la Biashara Duniani, kinachozihudumia nchi zinazoendelea kwa gharama nafuu. Vyuo vikuu vyetu viandae vijana wa kufanya kazi hiyo, na somo la kuwaandaa litaanza kufundishwa katika idara hii.

Nne, kila mkataba wa upendeleo wa kibiashara utiwe saini pamoja na ratiba ya kuutoka: miaka mingapi, fedha gani, kwa ajili ya nani. Upendeleo ni muda uliokopwa, na muda huo una kazi yake.

Kwenu wanafunzi, nitawafundisha mlingano wa bei, ushuru na tija, na nitawadai muujue vizuri. Lakini mkiletewa mkataba wowote, wa karafuu, wa samaki au wa korosho, someni kwanza ukurasa unaoeleza kinachofuata mambo yakiharibika. Ukurasa huo usipokuwapo, hasara imekwisha kumpata mwenyewe, naye ni mkulima. Urudisheni mezani mpaka uandikwe.