Dawa Zikizidi Mwilini: Kompyuta Humsaidiaje Daktari Kuzipunguza?

Leo tutazungumza juu ya dawa ambazo mtu huendelea kumeza ilhali hazimfai tena, na jinsi kompyuta inavyoweza kumsaidia daktari kuzisimamisha bila kumdhuru mgonjwa.

Tuchukue mfano wa nyanya mwenye miaka 72. Amepewa amlodipini kwa sababu ya presha. Dawa hiyo ni nzuri, lakini kwa watu wengine huvimbisha miguu. Nyanya anakwenda zahanati nyingine, haelezi anatumia nini, naye anaandikiwa dawa ya kutoa maji mwilini. Sasa anaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, na asubuhi ana kizunguzungu. Analalamika kwamba halali, anaongezewa dawa ya usingizi. Usiku mmoja anaanguka na kuvunjika nyonga. Kila aliyempa dawa alikuwa na nia njema. Tatizo ni kwamba hakuna aliyezitazama dawa zote kwa pamoja.

Wazee huumia zaidi kwa sababu figo na ini hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, hivyo dawa hukawia kutoka mwilini.

Madaktari wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka wa 1991 daktari Mmarekani, Mark Beers, na wenzake walichapisha orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee. Mwaka wa 2008 wataalamu wa Ireland wakatoa orodha yao iitwayo STOPP. Lakini orodha hizi ni ndefu. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa nje ya mlango atazikumbuka vipi zote?

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia. Nchini Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill walitengeneza programu iitwayo MedSafer. Programu hupewa majina ya dawa za mgonjwa na magonjwa aliyo nayo. Nayo huvilinganisha na kanuni za wataalamu, kisha hutoa ripoti: dawa zipi zina hatari kubwa, zipi zina hatari ndogo, na zipi zipunguzwe polepole. Kompyuta haimwachishi mtu dawa. Daktari na mgonjwa ndio wanaoamua.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2022, baada ya majaribio katika hospitali 11 za Kanada yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kabla ya programu, wagonjwa kama 30 katika kila 100 walitoka hospitalini wakiwa wamepunguziwa angalau dawa moja isiyofaa. Ilipotumika, walifika 55. Madhara ya dawa katika siku 30 zilizofuata hayakuongezeka, ingawa pia hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Basi tunajifunza kwamba dawa zinaweza kupunguzwa kwa usalama, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu.

Je, wewe msikilizaji ufanye nini? Hata mahali ambapo programu kama hiyo haipo, kazi ile ile inaweza kufanywa kwa macho na kalamu. Unapokwenda kliniki, tia dawa zako zote katika mfuko mmoja: za hospitali, za duka la dawa, za maumivu, hata za miti shamba. Usizifiche. Dawa za maumivu kama diklofenaki huweza kupandisha presha na kuumiza figo, kwa hiyo lazima zijulikane. Kisha uliza maswali haya manne:

1. Dawa hii ni ya ugonjwa gani?
2. Je, bado ninaihitaji?
3. Inaweza kunidhuru vipi, au kugombana na nyingine?
4. Kama ni ya kuachwa, niiache vipi?

Hapa nasisitiza sana: usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe! Dawa za kifafa, diazepamu, predinisoloni na baadhi ya dawa za moyo zikikatwa ghafla huweza kuleta hatari kubwa. Na dawa za presha, sukari au virusi vya UKIMWI zisiachwe eti kwa sababu unajisikia vizuri. Mara nyingi unajisikia vizuri kwa sababu unazimeza.

Nanyi mnaowatunza wazee, daktari akimpunguzia mzazi wenu dawa, msidhani amemkatia tamaa. Kupunguza dawa isiyofaa ni matibabu pia. Muulizeni dalili za kuangalia, na tarehe ya kurudi.

Wiki hii, fungua kabati au kikapu cha dawa pamoja na mzee wako, mhesabu ni ngapi. Zikifika tano au zaidi, zipelekeni zote kliniki zikaangaliwe.