Jina la Kilima, Jina la Watu
Maneno tuliyotoa mbele ya wazee, akina mama na vijana wa milima ya Masisi

  Wengi wenu mmetembea tangu alfajiri, tena mvua ilinyesha. Hatutawachosha.

Tumekuja kusema juu ya majina. Kuna aliyetuuliza pale mlangoni, "Je, mmekosa kazi nyingine?" Ni swali zuri. Kwa kazi yetu ya upatanisho tumeona ugomvi mwingi wa mashamba, na mara nyingi neno la kwanza la ugomvi si mpaka, ni jina. Mmoja anasema, "Hapa panaitwa hivi, kwa hiyo ni kwetu." Mwingine anajibu kwa jina lingine.

Tuanze na yale ambayo hayagombanishi mtu. Hapo juu ya Goma kuna milima ya moto. Karisimbi, mrefu kuliko yote, mita 4.507, unachukua jina lake kwenye isimbi, ile simbi nyeupe, kwa sababu kichwa chake huonekana cheupe. Sabinyo ni mzee mwenye meno, na ukiutazama unaona kweli yale meno. Mikeno inatajwa na umaskini: mahali pasipomlisha mtu. Goma wenyewe, wazee wanasema, ni ngoma. Na Bukavu, kule kwa Bashi, wanasimulia kwamba palikuwa malisho ya ng'ombe. Wabelgiji wakaja, wakapaita Costermansville kwa heshima ya mkubwa wao mmoja. Katika miaka ya 1950 jina lile likaondoka, ng'ombe wakarudi, walau katika jina.

Sasa tuje hapa kwetu. Sikieni vizuri: Kishali na Gishari. Wangapi wamegombana kwa maneno hayo mawili? Mhunde anasema Kishali. Anayesema Kinyarwanda, ulimi wake haumruhusu kusema "ki" mbele ya "sh"; inageuka "gi", kama vile anavyosema igishyimbo kwa haragi. Na "l" kwake inakuwa "r". Basi ni jina moja katika vinywa viwili. Kama mto Ruzizi, ambao ng'ambo ya pili wanauandika Rusizi, na maji ni yale yale.

Lakini tusidanganyane. Jina hilo lilibeba mzigo. Tangu 1937 Wabelgiji walileta familia nyingi kutoka Rwanda kuja kukaa na kufanya kazi katika milima hii, na wakawapa usultani wao, Gishari, ndani ya nchi ya Wahunde. Mwaka wa 1957 wakaufuta. Kwa wengine lile "gi" ni kumbukumbu ya ardhi iliyokatwa. Kwa wengine ni kumbukumbu ya usultani walionyang'anywa. Wote wawili walipangiwa na watu ambao hawakukaa hapa kuona matunda yake.

Jambo lingine ambalo sisi tuliligundua tukisoma orodha ya sultani zetu. Kule Rutshuru zinaitwa Bwisha na Bwito. Hayo ni majina ya nchi. Hapa Masisi tuna usultani wa Bahunde na usultani wa Bashali. Hayo ni majina ya watu. Mnaona tofauti? Ukisema Buhunde, unataja nchi, na anayekaa humo akimheshimu mwami ana mahali. Ukisema Bahunde, asiye Mhunde anauliza, "Na mimi nikae wapi?" Dekreti ya 1933 iliwaweka watu wote chini ya machifu waliotambuliwa na Serikali, na majina yakaandikwa kwenye karatasi. Kisha sheria ya ardhi ya 1973 ikasema ardhi yote ni mali ya Serikali, na tangu hapo tumeona mwenye karatasi akimshinda mwenye jembe.

Kuna kosa letu wenyewe ambalo lazima tuliseme. Katika kijiji kimoja, hatutakitaja, tuliomba watu wachore ramani chini kwa majivu, na vijiwe kwa nyumba. Kazi ilikwenda vizuri mpaka kwenye kilima kikubwa. Tulimpa kijana kalamu, tukamwambia aandike jina. Jina moja! Vijana wengine wakasimama wakitaja lingine, sauti zikapanda, na siku ile tuliondoka bila hata kula chakula kilichopikwa.

Tuliporudi, koko mmoja mwanamke, ambaye mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza kitu, alitucheka. Akasema jina la kwanza ni la chemchemi iliyo chini, alikochota maji na mama yake. La pili ni la huko juu, walikolala wachungaji na ng'ombe. Kilima kizima hakikuwa na jina, kwani nani alikihitaji kizima? Mwenye kulima alikuwa na chini yake, mwenye kuchunga alikuwa na juu yake, na walibadilishana maziwa na maharagi.

Karatasi ile sasa ina majina yote mawili, kila moja mahali pake. Familia moja bado inakataa kuweka alama ya kidole, na hatuwalazimishi.

Yule koko amezeeka sana. Katika vijiji vyenu wako wengine kama yeye. Jumanne tutapanda tena na madaftari; tunaomba kila kijiji kitupatie wazee wawili na vijana wawili wa kuandika, na mmoja wa wazee awe mama. Majivu tutayakuta jikoni kwenu.