Kazi ya Mwanafunzi na Haki ya Jina Lake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa vyuo na walimu wao, Mwanza)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya desturi inayozidi kuenea katika vyuo vyetu vikuu, yaani kutenga nafasi katika makongamano ili wanafunzi waonyeshe tafiti zao na kazi zao za ubunifu, kisha zilizo bora zitunukiwe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki ya Utafiti na Ubunifu, na mwaka 2019 Serikali ilianzisha mashindano ya kitaifa yajulikanayo kwa jina la MAKISATU. Hapana shaka kwamba desturi hii ni njema. Lakini yatupasa tujiulize: ni kitu gani hasa tunachompa mwanafunzi siku hiyo? Kama ni makofi na cheti tu, na jioni yake bango lake likakunjwa na kutupwa stoo, basi tumempamba, hatukumheshimu.

Mimi naona heshima ya kweli ina sehemu tatu: kazi ipimwe, jina la mwenye kazi litajwe, na kazi yenyewe ihifadhiwe. Nitaeleza kila moja kwa mfano wa kwetu.

Kwanza, kazi ipimwe.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa chache. Mpemba akahofia kuikosa, akayaweka maziwa yake yangali moto. Baadaye akakuta yake yameganda, na ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, bado hayajaganda. Akamwuliza mwalimu wake sababu, akajibiwa kwamba bila shaka alichanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na hapo ikawa dhihaka: kila alipokosea jambo, darasa lilisema hilo ni la Mpemba.

Siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya wenzake akamwuliza swali lile lile. Dakta Osborne hakumsifu, wala hakumcheka. Alimwuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, kisha akaahidi kulijaribu mwenyewe. Aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara alifanye. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, na akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Tazameni jinsi ilivyo vigumu kwa mtu kukubali hata kile ambacho macho yake yameona, kikiwa kimetoka kwa mtoto wa shule.

Pili, jina litajwe.

Mwaka 1969 matokeo yalichapwa katika jarida la Physics Education, na waandishi waliotajwa ni wawili: Mpemba na Osborne. Jina la kijana lilitangulia. Ingekuwa rahisi kwa msomi kuandika peke yake na kumshukuru mwanafunzi mmoja asiye na jina mwishoni. Hakufanya hivyo. Leo jambo hilo hujulikana ulimwenguni kwa jina la Mpemba, ingawa wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu yake, na wapo wanaotia shaka kama hutokea daima. Shaka hiyo haimpunguzii heshima. Swali lililostahili kubishaniwa kwa zaidi ya miaka hamsini lilikuwa swali zuri.

Wanazuoni wa Kiislamu waliotutangulia waliielewa haki hii. Katika elimu ya Hadithi habari hupokelewa pamoja na isnadi, yaani orodha ya majina ya waliopokezana, na kila mmoja hupimwa kwa ukweli wake. Na mwalimu aliporidhika na mwanafunzi alimpa ijaza, ruhusa ya kufundisha alichokipokea. Basi mwalimu wa leo anayechukua takwimu za mwanafunzi wake na kuzisoma kongamanoni kama zake, huyo anakata isnadi. Nanyi vijana, haki hii ina upande wa pili. Asiyekwenda mwaloni akabuni majibu ya wavuvi hamo chumbani mwake, naye anasema uongo juu ya watu. Na mzee wa Kirumba au wa Ukerewe aliyewafundisha majina ya samaki, kama ameridhia kutajwa, jina lake nalo liandikwe.

Tatu, kazi ihifadhiwe, tena kwa wakati.

Ng'ambo ya maji haya, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mswada ulikaa miaka 35 bila kuchapwa. Yeye mwenyewe akautafsiri kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Kisiwa hicho hicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi, aliyehitimu Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 1971 riwaya yake Rosa Mistika ikachapwa. Riwaya hiyo ilizuiwa mashuleni kwa muda, lakini ilikuwa imekwisha kusomwa na kujadiliwa, na mwandishi wake akaendelea kuandika kwa miaka mingi. Mmoja alisikilizwa kijana, mwingine alisikilizwa mzee. Nani ajuaye Kitereza angaliandika vitabu vingapi zaidi?

Na katika sayansi ni vivyo hivyo. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Katika miaka ya 1980 sangara wakaongezeka mno, na aina nyingi za furu zikatoweka. Hesabu zilizoandikwa kabla ya hapo hazirudiki tena, maana samaki wenyewe hawapo. Kwa hiyo msidharau jedwali la mwanafunzi aliyehesabu dagaa wa mwalo mmoja kwa miezi mitatu. Huenda hiyo ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki.

Wapo watakaosema kwamba kumtukuza kijana mapema ni kumlevya. Nakubali kwamba sifa tupu hulevya. Lakini niliyoyataja si sifa. Kupimwa hunyenyekeza, kutajwa jina humfanya mtu awajibike kwa alichosema, na kuhifadhiwa humfanya aandike kwa uangalifu, akijua kwamba atasomwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila kazi inayoonyeshwa ipate msomi mmoja wa kuisoma yote na kumwuliza mwenyewe maswali hadharani. Ikisiri za kazi zote, wala si za washindi tu, zichapwe na kuwekwa maktaba zikiwa na majina kamili ya wanafunzi. Na matokeo yarudishwe kwa Kiswahili chepesi kule yalikotoka, mwaloni, shambani na hospitalini.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.