Gharama ya Kufuga Mbwa Mjini
(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wakaaji wa mtaa mmoja wa Nairobi)



Nimeombwa niseme nanyi jioni hii juu ya kufuga mbwa mjini. Huenda wengine wenu mkaona kuwa ni jambo dogo, lisilostahili kuwatoa watu majumbani mwao baada ya kazi. Mimi nami nilidhani hivyo zamani, na ujinga huo ulinigharimu. Nitawaeleza jinsi ulivyonigharimu kabla sijaketi.

Yafaa kwanza tukumbuke ya kuwa wengi wetu tumezaliwa shambani, na mbwa tuliyemjua ni mbwa wa shambani. Mbwa huyo hanunuliwi. Mbwa wa jirani akizaa, humtuma mwanao akachague mmoja, naye hurudi amempakata. Mbwa huyo hula ukoko na mifupa, hunywa mtoni, hulala chini ya ghala, na akitaka kwenda haja shamba zima ni lake. Kazi yake ni kubweka usiku na kufukuza ngedere katika mahindi. Mwenyewe hamhesabii hata shilingi moja kwa mwaka. Basi mtu atokaye huko akija Nairobi, akapanga nyumba, akaibiwa redio mara moja tu, jambo la kwanza limjialo moyoni ni kwenda nyumbani kuleta mbwa. Huona amepata askari wa usiku asiyedai mshahara.

Mimi nilimleta wangu kutoka Machakos ndani ya kikapu. Jina lake lilikuwa Simba, kama mbwa nusu ya nchi hii. Utingo wa basi alinidai nauli ya mzigo, nami nikabishana naye njia nzima, nikidhani hiyo ndiyo gharama.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mbwa wa kadiri, mwenye uzito wa kilo 25, akilishwa chakula kikavu cha dukani hula kama gramu 400 kila siku, na hizo kwa mwezi ni kilo 12. Bei mtaiuliza dukani wenyewe, maana hupanda. Mtu atasema, "Mimi nitampikia ugali." Vema, lakini ugali peke yake humjaza tumbo tu bila kumjenga mwili, hapana budi utie omena, au matumbo ya bucha yaliyopikwa sana, na moto wa kupikia nao hununuliwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, kwa maana huvunjika vipande vikali vikamchoma matumbo. Vitunguu na chokoleti pia ni sumu kwake, ingawa watoto hupenda kumgawia. Tena mbwa huyo hunywa kama lita moja na nusu ya maji kwa siku, na zaidi wakati wa jua kali. Ninyi mkaao mahali pa maji ya mgao, mnunuao mtungi wa lita 20, mwajua maana yake. Na bado hajaoshwa, wala sakafu yake haijaoshwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha kujazwa kwa miaka 10 au 13, maana ndio umri wa mbwa atunzwaye vizuri.

Kuhusu maradhi, nitataja kupe tu. Katika maradhi yaletwayo na kupe uko mmoja unaomtoa mbwa damu puani na kumdhoofisha hata akafa, na katika majina ambayo madaktari wa wanyama wameupa ugonjwa huo limo jina la mji wetu huu: waliuita ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu. Sijui kama ni sifa. Dawa ya kuua kupe hununuliwa tena na tena, na ya minyoo vivyo hivyo, na minyoo mingine ya mbwa huwaingia watoto wachezao mchangani. Ndiyo sababu mavi ya mbwa si jambo la kucheka. Shambani mvua na mbawakavu huyaondoa. Katika uwanja wa nyumba za ghorofa, ambapo watoto 40 huchezea mahali pamoja, hayaondoki mpaka mtu ayaondoe, na mtu huyo ni mwenye mbwa.

Nimefika sasa kwa majirani. Kabla hujaleta mbwa, soma mkataba wako wa nyumba, kwa maana wenye nyumba wengi hukataza, na mtu huweza kuambiwa achague kati ya mbwa na chumba. Uliza pia sheria za mji juu ya kibali. Tena fikiri ni nani akaaye ukuta wa pili. Yuko afanyaye kazi ya usiku, alalaye mchana, wakati ambapo mbwa wako, aliyefungwa peke yake tangu alfajiri, hulia na kubweka kwa upweke. Yuko Mwislamu, ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi. Mbwa wako akimgusa mlangoni naye yumo njiani kwenda kusali, umemrudisha nyumbani kujitoharisha. Huyo hakukukosea neno. Nimesikia watu wakisema, "Asiyependa mbwa na ahame." Maneno hayo si ya mtu mwungwana.

Mwenye mbwa jike ana hesabu nyingine. Huingia joto yapata mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba siku 63 hivi, naye huzaa watoto sita, au wanane. Mjini hakuna jirani atakayemtuma mwanawe aje kuchagua. Watoto hao hutiwa katika gunia usiku wakatupwa jalalani, na wale wasiokufa ndio mbwa wenye njaa mnaowaona alfajiri wakizunguka masokoni. Ada ya daktari ya kumfunga uzazi jike, au kumhasi dume, hulipwa mara moja tu maishani. Kile chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kilichoanzishwa nchini mwaka 1910, huwapa watu mbwa waliookotwa. Mtu akitaka mbwa, yafaa aulize huko kabla hajamnunua mtoto wa mbwa kandokando ya barabara, ambaye hajui ametoka wapi wala amechanjwa nini.

Nimelitaja neno chanjo, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kichaa cha mbwa kiliandikwa kwa mara ya kwanza katika nchi hii mwaka 1912, naye mbwa aliyeonekana nacho alikuwa pembezoni mwa Nairobi hii hii. Hakikutoka tena. Dalili zake zikisha kumtokea mtu, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, karibu hapana aliyepona, Ulaya wala Afrika. Duniani kote yakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na katika kila watu 100 wafao, 99 waliupata kwa mbwa. Wengi ni watoto, kwa sababu mtoto humwendea mbwa pasipo hofu, na akiumwa huficha asije akapigwa. Walakini dawa ya kuuzuia imejulikana tangu mwaka 1885, wakati Louis Pasteur wa Ufaransa alipomdunga Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, naye akaishi. Na chanjo ya mbwa ni rahisi kuliko ya mtu: hudungwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Wataalamu husema kuwa wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Serikali yetu iliandika mpango wa kuumaliza, ulioanza mwaka 2014, nao waelekea mwaka 2030.

Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma, hata nimewahi kuyatafsiri kwa mshahara. Simba alichanjwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, daktari wa mifugo alipokuja mtaani Jumapili moja, nilisema moyoni, "Mbwa huyu hatoki nje ya lango, na aje mwezi ujao." Ada ile niliyoikatalia, jioni ileile niliitumia kwa nyama ya kuchoma pamoja na rafiki zangu. Mwezi ujao ulipita, na mwingine.

Kisha siku moja lango liliachwa wazi. Mtoto wa jirani, mwenye miaka sita, alikuwa akikimbia kuufuata mpira, naye Simba akamwuma kwenye ndama ya mguu, damu ikatoka. Baba yake alinijia akiwa amembeba. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Baba Mumo, mbwa huyu amechanjwa?"

Mabwana, nilitaka kusema ndiyo. Neno la uwongo lilikuwa ulimini. Nashukuru kuwa nilisema, "Mwaka jana alichanjwa. Mwaka huu hapana."

Tuliosha kidonda kwa maji ya bomba na sabuni kwa dakika 15 kamili kwa saa. Fanyeni hivyo hata kabla ya kutafuta gari, kwa kuwa ni nusu ya dawa. Zahanati ya kwanza haikuwa na dawa. Ya pili ilikuwa nayo, nami nikalipa: sindano ya siku ile, ya siku ya tatu na ya siku ya saba, na juu yake dawa nyingine ya kinga iliyodungwa kandokando ya kidonda, nayo ilikuwa ghali kupita zote. Zilikuwapo mbili zaidi mbele yetu, ya siku ya 14 na ya 28. Daktari alituambia tusimwue mbwa, bali tumfunge na kumwangalia kwa siku 10, maana mbwa ambaye ugonjwa umekwisha kuingia mateni mwake huugua na kufa ndani ya muda huo.

Nilimfunga Simba. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimwekea chakula na maji kwa mbali, nikasimama kutazama kama atameza. Siku ya nne hakula. Siku ile sikufanya kazi yoyote ofisini. Nilikaa na karatasi mbele yangu, nikifikiri juu ya ndama ya mtoto yule. Jioni nilimkuta anatafuna mfupa ambao sijui nani alimtupia. Siku zote hizo jirani yangu alisimama upande wa pili wa ua saa ileile, akiangalia pamoja nami. Hatukusemezana. Siku ya kumi Simba alikula akalamba sahani, naye daktari akazisimamisha zile sindano mbili zilizobaki.

Nilipojumlisha, fedha zilizotoka zingalitosha kumchanja mbwa huyo maisha yake yote na wajukuu zake. Jirani yangu nasalimiana naye sasa, lakini mwanawe akiniona huvuka upande mwingine wa njia. Simba yungali hai, na cheti chake cha chanjo ya mwaka huu ninacho mfukoni hapa. Atakaye kukiona na aje.

Daktari wa mifugo atakuwa hapa uwanjani Jumamosi, saa mbili ya asubuhi. Mleteni mbwa amefungwa kamba, na paka vilevile. Sasa mwenye swali na aulize.